Solongo wa Daftarini

Siku ya tano ya Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, Dejid alitoka nje ya hema akiwa na ndoo ya maziwa na upawa wa mbao, akarusha maziwa pande zote nne za dunia kama anavyofanya kila asubuhi tangu aolewe. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Mbwa hakubweka. Alipogeuka kurudi ndani alimkuta binti yake Solongo, wa miaka mitatu, amesimama mlangoni na joho jipya la bluu ambalo hakuna mtu aliyemshonea. Solongo mwenyewe alikuwa bado ndani, mguu mmoja nje ya blanketi, anakoroma.

"Umetoka wapi wewe?" Dejid akamwuliza.

"Daftarini," mtoto akajibu. "Mimi Solongo binti Luvsan, kata ya nne. Surua dozi ya kwanza, surua dozi ya pili. Sahihi ya mama ipo."

Alisema hayo bila mvuke kumtoka mdomoni. Juu ya mkono wake wa kushoto palikuwa na kipande cha pamba kilichobandikwa plasta, cheupe kabisa.

Kwetu mtu akifika mlangoni anaingizwa, haulizwi mara ya pili. Mtoto alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia bila kukikanyaga, akakaa pale wanapokaa watoto, akapokea bakuli la chai ya chumvi kwa mikono miwili, akaligusisha midomo, akalirudisha likiwa limejaa vilevile. Khandmaa, mama mkwe wa Dejid, alimtazama kutoka kitandani kwake.

"Kumbe wanaweza kutulia, watoto," bibi akasema. "Huyu kalelewa."

Asubuhi hiyohiyo walifika watoto wa namna hiyo arobaini na mmoja kata nzima. Wa kwangu alifika kabla sijawasha moto, na buti mpya, nikampisha aingie maana upepo ulikuwa mkali. Watu walipanda kilima chenye mtandao wakapigiana simu. "Wako kafika?" "Kafika. Wako je?" "Wangu wawili, na wote wamechana nywele." Baada ya hapo kila mtu akarudi kwa mifugo yake.

Kilichowaleta kinajulikana. Siku iliyotangulia, wilaya ilikuwa imepeleka ripoti mkoani: watoto wa chini ya miaka mitano, wamechanjwa surua, asilimia mia moja.

Na sahihi ya Dejid ilikuwepo kweli, hakusingiziwa. Mwezi wa nne wa mwaka uliopita, siku ya tufani ya vumbi, kondoo wakizaa kila baada ya nusu saa, mganga wa kata alifika kwa pikipiki. Jina lake Tungalag, msichana wa miaka ishirini na minane, kata nzima ni yake peke yake, na kata yetu kuizunguka kwa pikipiki ni siku tisa. Macho yalikuwa yamejaa mchanga. Alikaa karibu na jiko, akafungua boksi la chanjo, akatia kidole ndani, akalifunga.

"Barafu imeyeyuka toka juzi, dada," alisema. "Chanjo imeshakufa hii. Nikimchoma nayo nitakuwa namchoma maji."

"Pole, mdogo wangu. Kunywa chai kwanza."

"Tatizo daftari. Wanalitaka Jumatatu, na wanalitaka limejaa. Nisainie tu, wiki ijayo narudi na boksi jipya, namchoma Solongo kabla hamjahamia malisho ya kiangazi. Naapa."

Mtu wa kwingine pengine angekataa. Dejid alimtazama binti wa watu aliyevuka vumbi lile lote, na kwa namna tulivyolelewa hakuona angewezaje kumrudisha hivihivi. Kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Ukiletewa bakuli, unalirudisha na kitu ndani, hata kama ni kipande cha sukari. Basi alimpakulia jibini kavu kwenye kopo la bati lenye mfuniko mwekundu, akamwambia kopo atalirudisha akija, na daftari nalo akalijaza. Alisaini mara mbili, dozi ya kwanza na ya pili. Wiki iliyofuata Tungalag hakupewa petroli. Wiki iliyofuata tena, wafugaji walikuwa wamehama.

Sasa rudi kwenye Mwezi Mweupe. Siku ya tatu ya sikukuu, Luvsan, mume wa Dejid, na familia yake walikwenda kumwamkia mjomba wake mkubwa, kama inavyopasa. Mle hemani mlikuwa na watu ishirini na sita na mtoto mchanga aliyeletwa kutoka mjini mkoani, macho mekundu, anakohoa. Kila mtu alimwinamia mwenzake, akashika viwiko, akanusa shavu la kulia na la kushoto. Solongo alinuswa na wote na akamnusa mtoto mchanga mara tatu kwa sababu alimpenda. Siku ya nne redio ikasema kuna surua mjini.

Dejid hakuwa mzembe, nataka hilo lieleweke. Saa hiyohiyo alipanda kilimani akampigia simu Tungalag. "Mtoto wangu alikuwa na mgonjwa jana. Nimesikia redioni, chanjo ikipigwa ndani ya siku tatu bado inaweza kumwokoa. Njoo sasa hivi, au nakuja."

"Chanjo zilizoletwa ni za wasiochanjwa," Tungalag alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Wilaya imeandika haina asiyechanjwa. Boksi limerudishwa mkoani mchana huu, dada."

"Tungalag. Wewe unajua."

"Najua."

Simu ikakatika, mtandao wa kilimani haudumu. Kesho yake ndipo alipofika yule wa joho la bluu.

Dejid alifanya ya kwake. Alifunga kamba ya manyoya ya farasi kutoka nguzo hadi nguzo mbele ya hema, akaning'iniza kitambaa chekundu, alama ambayo kwetu hata mlevi anaiheshimu: nyumba hii ina mgonjwa, usiingie. Alimtengea Solongo bakuli lake, kijiko chake na kitanda chake. Mama mkwe alikasirika.

"Mwezi Mweupe, na wewe umefunga mlango! Watu watasema nini? Mtoto mwenyewe anarukaruka kama mbuzi!"

"Wataugua wa kwao, mama, tukiwafungulia."

"Kha! Hata hajakohoa!"

"Atakohoa. Leo ni siku ya pili toka amnuse yule mchanga. Ngoja ya kumi."

"Na huyu wa bluu naye umemfungia?"

"Huyu hana shida yoyote," Dejid alisema. "Huyu ndiye aliyechanjwa."

Siku ya kumi Solongo alikohoa. Siku ya kumi na mbili alikuwa anaungua, macho yamevimba, ndani ya mashavu vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Siku ya kumi na nne vipele vilitokea nyuma ya masikio vikateremka usoni na shingoni. Wa daftarini alikaa kando yake muda wote huo, akimpepea kwa upole, na hakuambukizwa chochote. Solongo alimpenda. Alimwita "mimi yule".

"Mimi yule hataki supu yake, nipe mie," alikuwa akisema, halafu naye anaiacha.

Luvsan aliwasha gari, wakawapakia wote wawili, wakaenda makao ya wilaya. Daktari mkuu wa wilaya aliitwa Purevjal, mtu mpole, mwenye kikohozi cha tumbaku na bendera ndogo ya sifa juu ya meza. Alimwinua yule wa joho la bluu akamkalisha kitandani, akamwekea kipimajoto. Thelathini na sita nukta sita. Akamtazama macho, akamtazama koo.

"Mzima kabisa," akasema. "Hongera, mama."

"Siyo huyo, daktari. Huyu hapa mapajani mwangu."

Daktari alifungua daftari, akapitisha kidole. "Solongo binti Luvsan, kata ya nne, mmoja tu. Dozi mbili. Surua haimpati hivi mtoto wa dozi mbili. Na Solongo ndiye huyu hapa kitandani."

"Na huyu anayeungua?"

"Huyo hayumo," daktari alisema, na alisema kwa huruma. "Pengine ni vipele vya joto. Mnawafunika sana watoto."

"Nyuzi ishirini chini ya sifuri, daktari, vipele vya joto?" Luvsan akauliza. Huyu mwanamume husema mara mbili kwa siku.

Dejid aliomba karatasi moja tu. Njia ya mlimani kwenda mkoani ilikuwa imefungwa na theluji. Hakuna gari la mtu linalopita, linapita la hospitali peke yake, nyuma ya greda, na ndani yake hupanda mwenye karatasi ya rufaa. Gari hilo lilikuwa linakuja Ijumaa. Kule kuna oksijeni, kuna dawa za mapafu. Bila rufaa, kuna hema na supu.

"Nikiandika rufaa ya surua, mkoa utauliza surua imetoka wapi kwenye asilimia mia," Purevjal alisema. "Wataanza kupekua. Wako arobaini na mmoja, mama. Tungalag atafungwa. Unataka Tungalag afungwe?"

Tungalag alikuwa amesimama pembeni na glavu mikononi. Hakuwahi kuzivua mbele ya watu tangu masika. Ndani yake vidole vilikuwa vimegeuka bluu ya kalamu na havikutakata kwa sabuni wala kwa majivu.

Dejid alichomoa kile kisu kidogo cha kukatia nyama kiunoni mwa Luvsan, akalivuta daftari, akaanza kuikwangua sahihi yake. Alikwangua taratibu, kama anayekwangua ngozi ya kondoo. Mtoto wa joho la bluu alipoteza vidole vya mkono wa kushoto, halafu kiganja, halafu mkono hadi begani. Pamba ilianguka sakafuni. Hakulia. Alimtazama Dejid kwa macho yaleyale ya Solongo, na Dejid akaendelea kukwangua.

"Mama, hiyo ni mali ya serikali," daktari alisema. Alisubiri amalize, kisha akafungua kabati akatoa daftari jingine. "Nakala ziko tatu. Hapa, mkoani, na mji mkuu."

Aliandika upya mstari ule kwa mwandiko mzuri, akaiga na sahihi. Walipofika mlangoni mtoto alikuwa na mikono yote miwili na plasta mpya.

Tungalag aliwafuata hadi kwenye gari. Alikuwa na kopo la bati lenye mfuniko mwekundu.

"Kopo lako, dada. Lilichelewa."

Dejid alilifungua. Ndani kulikuwa na vidonge viwili vya vitamini A, vidonge saba vya homa vya kitoto, na pakiti tatu za chumvichumvi za kuchanganya na maji.

"Vitamini, kimoja leo na kimoja kesho. Macho na mapafu vinahitaji. Mpe maji hata kama anakataa, kidogokidogo, kwa kijiko. Mwanga unamwumiza, ziba tundu la juu la hema nusu. Akianza kuhema mbavu zikawa zinaingia ndani, usingoje, mlete."

"Nimlete wapi?"

Dejid akafunga kopo, akapanda gari.

Alifanya yote kama alivyoambiwa. Kijiko baada ya kijiko. Khandmaa mwenyewe ndiye aliyeziba tundu la juu na kukaza kamba nje, na mpwa wake alipokuja kwa farasi kuamkia alimfukuza kwa matusi ambayo sikukuu haijawahi kuyasikia. "Geuza farasi, mshenzi we! Una watoto watatu nyumbani!" Watoto wale hawakuugua. Bibi alilijua hilo baadaye na hakulisema kwa mtu.

Alhamisi jioni mbavu za Solongo zilianza kuingia ndani.

Ijumaa asubuhi walikuwa wa kwanza kufika makao ya wilaya. Gari la hospitali lilikuwa linanguruma mbele ya zahanati, joto, viti kumi. Daktari Purevjal alikuwa amevaa joho lake la sherehe. Gari halikuja kuchukua wagonjwa, maana wilaya haikuwa na mgonjwa. Mkoa uliitaka wilaya ya asilimia mia ikapokee bendera, ilete na watoto wawili wa kuonyesha. Mmoja alikuwa mvulana wa kata ya pili. Wa pili alichaguliwa kwa sababu alijua kujieleza vizuri, na alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele, mikono magotini. Hakuna aliyemwona akitoka hemani.

Dejid alifungua mlango wa gari, akamwinua Solongo wake ndani ya ngozi za kondoo.

Dereva alikagua orodha. "Jina?"

"Solongo binti Luvsan."

"Ameshapanda."

"Ndugu yangu, mtazame huyu. Msikilize anavyohema. Nitampakata mimi, hatachukua kiti. Niache mimi hapa, mbebe yeye peke yake, mlaze sakafuni, jamani, mlaze popote!"

"Dada, nisikilize. Kule getini wanahesabu. Solongo ni mmoja. Nikifika na wawili, mmoja nimemwiba wapi?"

Mtoto wa joho la bluu alisimama kitini. "Kaa hapa, mama," alisema, akasogea kumpisha. Daktari alimshika bega akamrudisha kitini, si kwa ukali, akaufunga mlango. Viti saba vilikuwa vitupu. Greda lilitangulia, gari likafuata, na Dejid akakimbia nyuma yake na mzigo wake mpaka kwenye nguzo ya mwisho ya umeme.

Solongo alikufa saa sita mchana, njiani kurudi nyumbani, kifuani mwa baba yake. Gari lilisimama. Luvsan alisema, "Ameacha," na siku hiyo hakusema tena.

Walimpeleka mlimani kama tunavyowapeleka watoto wakifa. Jumatatu Dejid alikwenda kwa karani wa vizazi na vifo. Karani alikuwa na gazeti la mkoa mezani, na kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha: daktari, bendera, watoto wawili.

"Huyu ndiye Solongo binti Luvsan, au siyo?" karani akauliza.

"Jina ni lake."

"Basi niandikeje kifo, mama, na juzi kapigwa picha?"

Dejid aliinuka akaenda zake. Kata yetu ilizika wanne mwezi ule, na kwenye karatasi hajafa mtu. Mwanangu mimi alipona, ila sikio la kushoto halisikii. Wa daftarini ninaye naye, anasikia kwa yote mawili.

Gari lilipomrudisha, yule wa joho la bluu alishushwa mbele ya hema na mfuko wa peremende. Aliikuta kamba bado imefungwa, akakisoma kitambaa chake, akasimama nje yake kama mtu mwenye adabu. Dejid alimwona, akaendelea kukamua. Mtoto alisimama siku mbili. Theluji ilimjaa mabegani bila kuyeyuka. Siku ya tatu Khandmaa alitoka na fimbo yake, akaifungua kamba, akaikunja.

"Ingia basi," bibi alisema. "Wewe nawe kosa lako nini."

Tangu hapo anakaa mahali pa watoto. Hali, haumwi, hakui. Dejid humpa chai asubuhi na huipokea tena ikiwa imejaa, na huimwaga nje kwa mbwa. Hajawahi kumpiga wala kumwita jina.

Mwezi wa nne Tungalag alikuja kwa pikipiki. Safari hii petroli ilikuwepo, na boksi lilikuwa limejaa barafu ngumu. Mkoa ulikuwa umeizawadia wilaya ya mfano friji mpya. Dozi zilikuwa arobaini na moja. Alikunywa chai yake, glavu mikononi, akamchoma mtoto wa joho la bluu mkono wa kushoto. Dawa iliingia upande mmoja ikatokea upande wa pili, ikachirizika sakafuni, tone baada ya tone, chanjo nzima nzuri ya baridi. Wote watatu waliitazama mpaka ilipokwisha.

"Nisainie, dada," Tungalag alisema. Alikuwa analia. "Nisipolirudisha daftari limejaa, wataniuliza."

Dejid alikuwa anakanda unga. Hakuinua mikono kwenye unga.

Tungalag akangoja. Mwishowe mtoto aliinuka, akaichukua kalamu, akapiga magoti mbele ya daftari, akasaini jina la mama yake kwa mwandiko wa mama yake, safi, bila kukosea herufi. Kisha akarudi mahali pake, akakunja mikono magotini.

"Ahsante, mwanangu," Tungalag alisema.

Dejid alifuta mikono. Alilitoa kabatini lile kopo la mfuniko mwekundu, akaliosha kwa maji ya moto, akalikausha kwa kitambaa ndani na nje, akalifunga. Akamfuata Tungalag hadi kwenye pikipiki, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama inavyopasa kumpa mgeni. Tungalag alilitikisa kidogo. Halikutoa sauti.

Alilifunga nyuma ya pikipiki pamoja na daftari, akaondoka kuelekea hema linalofuata.